Nani Kaiharibu Printa?

Ndugu msomaji, kama na wewe ni mmoja wetu, yaani wale ambao tukiulizwa "Unafanya kazi gani?" tunakohoa kwanza ndipo tujibu, basi vuta kigoda nikusimulie. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe haijatoka. Ina kurasa 212, nimeiandika miaka minne tangu nilipomaliza kidato cha nne, kwanza kwenye kaunta buku, halafu kwenye kompyuta ya mkononi ambayo betri yake ilishakufa siku nyingi. Ukichomoa waya tu, giza. Ni riwaya ya upelelezi. Ndani yake kuna mwizi, kuna ghala la mahindi na kuna mpelelezi mmoja mkali sana. Mkumbuke huyo mpelelezi, nitamrudia.

Kwetu ni Sumbawanga, upande wa Chanji, huku juu kwenye uwanda wa Ufipa. Watu wasiofika kwetu wanatujua kwa mambo mawili: baridi na uchawi. Baridi ni kweli, maana mji uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni ikifika, upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi haukuulizi umevaa nini. Uchawi ndio utani usiokwisha. Jina lenyewe la mji husemwa kwamba maana yake ni "tupa uchawi", lakini wenzetu wa Dar hulisoma kinyume, kana kwamba tumeambiwa tuuokote.

Sasa, printa. Mjomba wangu aliyeko Mbeya alisikia kuna ofisi inauza vitu vyake vya zamani, akaipata printa ya leza, ndogo, ya rangi ya kijivu, ina taa mbili tu na kitufe kimoja. Mama akauza maharage yake magunia mawili, akatuma hela. Mashine ikaja na basi kupitia Tunduma, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Tukaiweka sebuleni, tukabandika karatasi mlangoni: TUNACHAPA HAPA. Barua za maombi ya kazi, mitihani ya majaribio ya shule za msingi, ratiba za mazishi. Faida ilikuwa ya mama, kurudisha maharage yake. Mimi changu kilikuwa kimoja tu: siku moja nitoe riwaya yangu kwenye karatasi.

Siku hiyo iliwahi kuliko nilivyofikiri. Mwalimu wangu wa Kiswahili, ambaye ni mstaafu sasa, alikubali kuisoma. "Lakini nisomee kwenye simu? Hapana, kijana," aliniambia. "Macho yangu hayawezi. Niletee karatasi, na kalamu nyekundu ninayo mwenyewe." Tena akaongeza kwamba Jumatatu alfajiri anahama, anakwenda kukaa na mwanawe Mpanda. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, siku ya Jumatano, na mvua ilikuwa imekaza kama kawaida ya mwezi ule.

Jumatano hiyo hiyo usiku nilifanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la busara. Mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alikuwa na tabia ya kuamka usiku kuwachapishia wanafunzi wenzake kazi zao za shule, kila karatasi shilingi mia. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu. Nikaona huyu atanimalizia wino kabla sijachapa riwaya. Basi nikaihamisha printa kutoka sebuleni, nikaileta chumbani kwangu. Na rimu ya karatasi nikaisukuma mvunguni, karibu na ukuta, asiione.

Alhamisi asubuhi nikaanza. Ukurasa wa kwanza ulitoka mzuri wa kupendeza macho. Jina la riwaya katikati, jina langu chini yake. Nikaupitishia kidole gumba kwa upendo. Jina la riwaya likaja na kidole.

Nikachapa wa pili, hivyo hivyo: herufi zinafutika kama vumbi kwenye dirisha. Wa tatu ulitoka umepauka upande mmoja. Wa nne ukakwama ndani, nikauvuta ukatoka umekunjamana kama marinda. Halafu taa zote mbili zikaanza kumeta kwa pamoja, mashine ikagoma.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu mambo kwa mikono yangu. Nilikuwa nimesikia mtaani kwamba printa ikisumbua, ukung'ute katriji. Nikaikung'uta. Haikusaidia. Nikaitoa nje uani, mvua ilikuwa imepumzika na kajua kamechomoza, nikafungua kile kifuniko chake kidogo. Ndani kuna bomba jembamba linalong'aa, rangi yake kama ya buluu na kijani. Nikaliona lina uchafu. Nikachukua kipande cha khanga kilichokuwa kwenye kamba, nikalisugua vizuri, kama mtu anayesugua sufuria. Nilipoirudisha ndani, makosa yote ya mwanzo yalikuwepo, na juu yake limeongezeka moja jipya: vidoa vyeusi vimejipanga kushuka ukurasa mzima, kimoja chini ya kingine.

Mama mmoja jirani alichungulia, akatikisa kichwa. "Hii ya kwenu wameifanyia," akasema. "Mashine ya watu imekuja juzi tu, leo hivi?" Sikumjibu. Mimi mchawi wangu nilikwisha kumjua.

Ijumaa mdogo wangu aliporudi shule nilimngoja mlangoni. Sitaki kuandika yote niliyosema. Nilimwambia ameiua riwaya yangu kwa tamaa ya shilingi mia mia. Nilimwambia maharage ya mama yameliwa na yeye. Akasema, "Kaka, mimi tangu Jumanne sijaigusa." Nikamwambia mwizi hata siku moja hakubali. Hakunijibu tena. Akaweka madaftari yake kwenye mfuko wa rambo, akaenda kulala kwa mama mdogo, Majengo, katika mvua.

Mama alikuwa jikoni, amesikia kila kitu. Alinyamaza mpaka tulipokula.

"Mwanangu, ulimwona?"

"Sasa mama, ni nani mwingine?"

"Sikukuuliza ni nani mwingine. Nimekuuliza ulimwona?"

Ugali haukushuka.

Usiku ule sikupata usingizi. Mvua kwenye bati, na mashine pale mezani imekaa kimya. Nikawasha mshumaa, maana umeme ulikatika kidogo, nikachukua kaunta buku ya zamani nijisomee, na macho yakaangukia pale mpelelezi wangu anapoingia kwenye ghala. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia, kwa mkono wangu, kwamba hakuuliza "Nani kafanya?" Aliuliza, "Limeanza lini, na siku hiyo kilibadilika nini?" Niliandika mstari ule nikiwa na miaka 20, nikajisifu sana kwa akili. Nikawa nimekaa kitandani nauangalia kama umeandikwa na mtu mwingine.

Limeanza lini? Alhamisi asubuhi. Kilibadilika nini? Jumatano usiku mashine ilihama. Aliyeihamisha nani? Hapo mshumaa nikauzima.

Jumamosi nilikwenda Majengo. Sitajipamba, msomaji: nilikwenda kuomba msaada. Msamaha ulikuwa bado haujafika mdomoni. Mdogo wangu ana kichwa cha fizikia kuliko mimi, na isitoshe ndiye aliyekaa na mashine ile usiku mwingi zaidi. Nikampigia mama mdogo shikamoo, nikamwambia mdogo wangu, "Njoo tuiangalie wote. Nafikiri ni mimi." Akaniangalia, akachukua rula yake na kikokotoo. Njia nzima hatukusemeshana.

Kwanza alinieleza inavyofanya kazi, maana mimi nilidhani mashine ile inaandika kwa wino kama kalamu. Kumbe hakuna wino wa maji humo hata tone. Kuna unga. Lile bomba la kung'aa, ambalo mafundi huliita dramu, hupewa umeme tuli juu yake, umeme wa aina ile ile unaousikia Juni usiku ukivua sweta la nailoni gizani likalia tatata. Mwanga wa leza unapita juu ya dramu na kuchora herufi. Pale ulipogusa, umeme unapungua, na hapo ndipo unga unaponata. Karatasi inapita chini, nayo imepewa umeme wa kuuvuta unga, herufi zinahama kutoka kwenye dramu kwenda kwenye karatasi. Lakini mpaka hapo unga umekaa tu, ukipuliza unaruka. Ndipo karatasi inapopita mahali pa mwisho, penye moto. Kuna joto la kiasi cha nyuzi 200 hivi na mgandamizo, unga unayeyuka, maana sehemu yake kubwa ni plastiki, unashika karatasi moja kwa moja.

"Kwa hiyo herufi zikifutika na kidole," akasema, "moto haukutosha. Hiyo si habari ya wino, kaka."

Tukaanza. Jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha washukiwa. Je, kosa ni la kompyuta au la printa? Tulichomoa waya wa kompyuta, akabonyeza kile kitufe kimoja na kukishikilia, mashine ikachapa ukurasa wake yenyewe wa majaribio. Nao ukafutika kwa kidole. Basi kompyuta ikaachiwa huru.

Halafu akauliza, "Hii umeichomeka wapi?"

Nikamwonyesha. Chumbani kwangu hakuna soketi. Nilivuta ekstensheni kutoka sebuleni, waya mwembamba, mrefu, umepita chini ya kapeti. Kwenye ekstensheni hiyo hiyo kuna friji ya mama ya maji ya kuuza. Na kwa kuogopa umeme usije ukaiunguza mashine, nikaipitishia kwenye stabilaiza ndogo ya televisheni. Nilijiona mlinzi hodari. Mdogo wangu aliguna tu.

Unajua, printa ya leza ikiwa imekaa inakula umeme kidogo sana. Lakini pale inapowasha ule moto wake inavuta kwa ghafla wati nyingi, inafanana na pasi kuliko redio. Kistabilaiza cha televisheni hakiwezi kubeba mzigo ule, na waya mwembamba mrefu unazidi kuupunguza. Ndiyo sababu hata hivi vidude vya betri vya kulindia kompyuta, watengenezaji wengi husema usiunganishe printa ya leza humo. Moto haufiki pale unapotakiwa, mashine inajipima, inaona kuna hitilafu, inawasha taa zote na kugoma. Nikakumbuka kwamba Alhamisi ile, kila mashine ilipoanza kunguruma, taa ya juu ilikuwa inafifia kidogo na kurudi. Niliiona. Mpelelezi wangu angeiandika kwenye kijitabu. Mimi nilidhani ni mvua.

Tukaibeba mashine tukairudisha sebuleni mahali pake pa zamani, tukaichomeka ukutani moja kwa moja, peke yake. Taa zikatulia. Karatasi ikatoka. Tukasugua kwa kidole: herufi zimeshika, ila upande mmoja bado ulikuwa umepauka na unafutika kwa mbali, na karatasi imejikunja kama jani la tumbaku.

"Karatasi uliweka wapi?"

Mvunguni. Juu ya sakafu ya saruji, mgongo ukigusa ukuta, Februari, Sumbawanga. Niliichomoa ile rimu. Ukiishika mkononi ilikuwa baridi, nzito, haina ule mlio mkavu wa karatasi. Saruji ilikuwa imeipa unyevu siku tatu. Karatasi yenye unyevu haishiki umeme tuli vizuri, unga hauhami wote. Tena ule moto unapotea kukausha maji badala ya kuyeyusha unga. Na ikipashwa inajikunja, ikijikunja inakwama. Kumbe makosa matatu niliyoyaona ni tofauti, kupauka, kufutika na kukwama, yalikuwa na mzazi mmoja.

Tukabaki na vidoa.

Hapa ndipo rula ilipofanya kazi. Mdogo wangu alilaza ukurasa mezani akapima kutoka kidoa hadi kidoa. Milimita 75. Akapima tena chini, 75. Ukurasa mwingine, 75. "Kitu kinachojirudia kwa umbali ule ule," akasema, "ni kitu cha duara kinachozunguka. Kila kikimaliza mzunguko mmoja kinapiga muhuri." Akaniuliza kanuni ya mzingo wa duara. Aibu iliyoje, ilinibidi nifikirie. Mzingo ni pai mara kipenyo. Akagawa 75 kwa 3.14, kikokotoo kikasema 23.9. Ndani ya printa mna mizunguko mingi, na kila mmoja una unene wake; kwa hiyo tukitafuta kitu chenye kipenyo cha milimita 24 tumempata mtu wetu. Tukatoa katriji, safari hii kivulini, tumefunga pazia, tukaweka rula kwenye ncha ya dramu bila kuigusa katikati. Ishirini na nne.

Kisha tukaligeuza pole pole kwenye mwanga hafifu. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, hauzidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Punje ya mchanga, bila shaka, kutoka kwenye kipande cha khanga kilichoanikwa uani. Uso wa dramu ni laini mno na unaogopa mwanga mkali. Mtu hatakiwi kuusugua wala kuutoa juani. Mimi nilifanya yote mawili kwa mpigo mmoja.

Mdogo wangu hakusema neno. Angeweza kusema mengi. Alirudisha katriji mahali pake, akafunga mlango wa mashine. Hapo ndipo msamaha uliponifika mdomoni, na nikautoa jinsi ulivyokuja, bila mapambo. Akasema, "Haya kaka," akaanza kukusanya karatasi zilizoharibika.

Ule unga uliomwagika mezani ulituonyesha jambo jingine. Alikuwa na sumaku ya spika ya redio mbovu, akaisogeza karibu kwa utani, na unga ukasimama wima kama nywele. Katika printa nyingi ndogo za rangi nyeusi, unga umechanganywa na oksidi ya chuma ili mashine iweze kuushika kwa sumaku. Bibi yetu mzaa mama alikuwa amekuja kutusalimu, akainama kutazama. "Hicho ni chuma?" akauliza. Tukamwambia ndiyo, bibi, chuma kidogo, kinashikishwa kwa moto humo juu ya karatasi. Akacheka. Wazee wa Ufipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Zamani walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto, na mabaki yake bado yanaonekana huku na huku kwenye uwanda. "Basi na nyie mna tanuru lenu dogo," akasema bibi. "Moto ukiwa mdogo hamtoi kitu."

Ikabaki karatasi. Rimu ya mvunguni haikufaa, na mfukoni mwangu palikuwa pakavu kuliko karatasi niliyokuwa naitafuta. Nilikuwa nafikiria kwenda kukopa dukani mjini. Mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na zile shilingi mia mia. Alikuwa akiziweka kwa ajili ya viatu vya shule. Nilipomkataza akasema, "Si umesema ni hela ya printa? Basi irudi kwa printa." Sijui kama ilikuwa kejeli au hapana. Nilikwenda nikanunua rimu mpya, nikaileta nimeifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Jumapili baada ya ibada tulichapa. Kurasa 20, tunapumzika, mashine ipoe. Kurasa 20 tena. Friji ilizimwa. Mama alikataza mtu yeyote kugusa pasi. Mdogo wangu alikuwa anapokea karatasi na kuzipanga, na kila ya kumi anaisugua kwa kidole gumba kisha ananionyesha kidole: safi. Kidoa hatukuweza kukiondoa. Mkwaruzo wa dramu hautibiki, dawa yake ni katriji nyingine, na hela ya katriji hatukuwa nayo. Kwa hiyo kila ukurasa wa riwaya yangu una vidoa pembeni kulia, vinne au vitatu, kila milimita 75, kutoka ukurasa wa 1 hadi wa 212. Jumatatu saa kumi alfajiri nilikuwa stendi. Nikamkabidhi mwalimu bahasha. Akaipima kwa mkono, akasema, "Nzito hii," akapanda basi.

Katika siku za kungoja nilisoma habari za aliyeanzisha mambo haya. Alikuwa Mmarekani, Chester Carlson. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kukodi huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake walisugua kwa kitambaa cha pamba bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalimulika, wakanyunyiza unga, wakapata maandishi yao ya kwanza: tarehe ya siku ile na jina la mahali. Nilitabasamu niliposoma neno "kitambaa". Yeye alisugua akavumbua, mimi nilisugua nikaharibu. Halafu alizunguka na uvumbuzi wake miaka kadhaa, na kampuni zaidi ya 20 zikamkataa kabla ya mmoja kumwamini. Mashine ya kunakili iliyomtajirisha ilitoka mwaka 1959. Leza iliongezwa baadaye na Gary Starkweather, aliyekuwa mhandisi wa Xerox. Nawaandikia haya wenzangu mnaohesabu barua za "tunasikitika kukujulisha". Hesabuni, lakini msiishie ya tatu.

Na kwa mwenye printa ya leza nyumbani ambayo anadhani imekufa, nampa niliyoyanunua kwa bei ghali. Usikimbilie kuifungua. Jiulize imeanza lini na siku hiyo kilibadilika nini. Ichapishe ukurasa wake wa majaribio bila kompyuta. Ichomeke ukutani peke yake. Ijaribu kwa karatasi kavu iliyofunguliwa sasa hivi, na karatasi zako zikae juu, mbali na sakafu. Ukiona alama inayojirudia, chukua rula kabla ya kuchukua kitambaa. Dramu usiiguse wala usiitoe juani. Ikishindikana baada ya hapo, ndipo umwite fundi. Hata yeye atakushukuru kwa kumpunguzia maswali.

Mwalimu alipiga simu baada ya wiki tatu. Nilisimama kumsikiliza, kama yuko mbele yangu.

"Kijana, nimemaliza. Hivi vidoa pembeni ni nini?"

Nikamweleza yote, mpaka khanga.

"Havikunisumbua," akasema. "Nilivizoea ukurasa wa tano. Kilichonisumbua ni mwizi wako. Umemkamata ukurasa wa 30 na hajafungua mdomo mpaka wa 190. Mpelelezi anauliza maswali mazuri, lakini kila mtu anaulizwa isipokuwa yeye. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mdogo wangu alikuwa sebuleni anachapa mtihani wa darasa la saba wa shule ya jirani. Siku hizi kazi ya usiku ni ya halali, na mama anampa fungu lake. Nilimsikia akipanga karatasi, gonga gonga mezani. Nikamwambia mwalimu nitaanza upya kutoka ukurasa wa 30.

"Vizuri," akasema. "Na safari hii nunua katriji."